Picha ndogo ya mafuta imepauka na bado inanata: nifanyeje?

*"Kaka yangu anaishi Florida. Mwezi wa tatu alinitumia huku Tanga picha mbili ndogo za kuchorwa kwa rangi ya mafuta juu ya ubao, kila moja sentimita 13 kwa 18. Moja ni kikombe cha kahawa na birika la Kikuba juu ya kitambaa cha meza. Nyingine ni gari la zamani la buluu, limeegeshwa Havana mbele ya ukuta wa waridi unaobanduka. Nilizifungia kabatini miezi minne nikitafuta pesa ya fremu. Nilipozitoa, kivuli cheusi chini ya gari kimepauka kama majivu, kikombe cheupe kimeingia umanjano, taa nyekundu za gari bado zinanata, na pembeni kuna vidoa vyeupe kama unga. Jirani anasema nipake mafuta ya nazi, mwingine anasema nisugue na kiazi kilichokatwa. Fundi fremu anataka apige vanishi ya milango kisha abane na kioo leo leo. Mume wangu naye anasema kaka kapigwa: kapicha ka kikombe ni jaribio tu la mchoraji. Nishike lipi?"*

Dada yangu, kwa sasa usipake chochote. Nazi iache jikoni, kiazi kipike, na fundi fremu mwombe asubiri. Katika hayo manne uliyoyaona, matatu ni tabia ya kawaida ya rangi ya mafuta iliyo changa, na yatatulia yenyewe au kwa msaada mdogo sana. Ni vile vidoa vyeupe tu vinavyotaka mkono wako wiki hii. Nitavifikia, lakini nikikuambia "usipake" bila kukueleza sababu, kesho atakuja jirani wa tatu na dawa ya tatu.

Tuanze na jina lenyewe, maana hapo ndipo ushauri mwingi unapopotea njia. Kwetu ukisema "rangi ya mafuta", watu huelewa ile ya kopo, ya kupaka madirisha na milango. Rangi za kopo za namna hiyo ndizo wanazotumia wachoraji wa Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora juu ya hadibodi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Rangi ile ina kiyeyusho kinachoruka hewani, na dawa ya kukaushia huchanganywa humo humo kiwandani. Unapaka jioni, kesho unashika. Rangi ya tyubu aliyotumia mchoraji wa kaka yako ni kitu kingine kabisa: ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani. Haina maji ya kukauka kama nguo kwenye kamba, na mafuta yenyewe hayaruki.

Sasa inakuwaje ngumu? Jibu liko jikoni kwako. Pitisha kidole juu ya rafu iliyo karibu na jiko, pale mafuta ya alizeti yanaporukia kila siku. Utakuta utando wa manjano, unanata, na sabuni haiutoi. Yale mafuta yamekaa na hewa, yakavuta oksijeni, na chembe zake zikashikana mkono mmoja mmoja mpaka zikawa wavu. Mafuta ya kitani yana tabia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, ndiyo maana yakiachwa na hewa ya kutosha yanavuka hatua ya kunata yakawa ngozi ngumu. Ukipima rangi hii kwa mizani nyeti katika siku zake za kwanza za kukauka, utaona uzito unaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu inapokea kitu kutoka hewani. Na kazi hiyo inatoa joto. Tambara lililolowa mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kujiwasha moto lenyewe bila kiberiti, kwa hiyo ukimwona fundi yeyote anayatumia nyumbani kwako, mwambie atandaze matambara yake nje yakauke yakiwa yamekunjuliwa.

Halafu tazama kopo la mafuta ya nazi. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba limeganda jeupe. Jua likipanda limeyeyuka. Liache wazi mwaka mzima, halitafanya utando mgumu hata siku moja, maana chembe zake karibu zote zimeshashiba na hazina nafasi ya kupokea oksijeni na kushikana. Ukiyapaka kwenye picha, kivuli kitang'aa kweli, wiki ya kwanza jirani ataonekana mganga. Baada ya hapo yatabaki mafuta siku zote: yatajipenyeza kwenye rangi, yatakamata vumbi la barabarani, na vumbi likishikana na mafuta ni chakula cha kuvu. Kuyatoa kunataka viyeyusho, na viyeyusho kwenye rangi yenye umri wa miezi michache vinaweza kuondoka na gari lenyewe. Kiazi nacho kinaacha maji na wanga, na huko tumeshajua nani atakula.

Basi taa nyekundu. Shika picha karibu na dirisha uziangalie vizuri: kwenye picha ya ukubwa huo, taa ya gari haipakwi, inawekwa. Mchoraji anachota tonge la rangi kwa ncha ya brashi, analibandika na kuondoa mkono, na tonge linabaki limeinuka kama punje ya mchele. Mwili wa gari umepakwa kwa rangi nyembamba na umekauka kwa siku chache au wiki mbili. Punje ile inakauka kwa nje kwanza, kisha hewa inahangaika kupenya ndani. Tena kila rangi ina mwendo wake. Hudhurungi ya udongo ina manganizi, madini yanayoharakisha ukaukaji, kwa hiyo hukauka upesi. Nyekundu fulani nzito, na nyeusi inayotokana na mifupa iliyochomwa, huenda polepole sana. Ongeza na kabati lililofungwa, hewa kidogo na mwanga hakuna, na mtu hawezi kushangaa taa zikinata mwezi wa saba.

Kuna jambo jingine kaka yako huenda hakuambiwa. Picha ndogo za namna hii, kikombe leo, yai kesho, gari kesho kutwa, mara nyingi huchorwa kwa kikao kimoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, na kuuzwa upesi. Mwaka 2004 mchoraji wa Virginia, Marekani, Duane Keiser, alianza kuchora picha moja kila siku ya ukubwa wa postikadi na kuiuza kupitia intaneti, na wengi wakafuata njia hiyo. Nzuri ni kwamba picha inakufikia na uchangamfu wa mkono uliomaliza kazi juzi. Gharama yake ni kwamba inakufikia ikiwa bichi ndani. Zako zilipopanda ndege, pengine zilikuwa na umri wa wiki chache tu.

Kivuli kilichopauka ndicho kinachotisha watu zaidi, nami nakuelewa, kwa sababu kinafanana na kitu kilichokufa. Ukienda ufukweni Raskazone, hapo hapo Tanga, okota kokoto jeusi lililo ndani ya maji. Likiwa bichi ni jeusi tii, linang'aa. Liweke juu ya mchanga nusu saa, limekuwa la kijivu. Jiwe halikubadilika, kilichoondoka ni utando laini wa maji uliokuwa ukiupitisha mwanga moja kwa moja. Bila huo, mwanga unagonga vibonde vya juu ya jiwe na kutawanyika, na jicho linaona majivu. Chini ya gari lako kimetokea hicho hicho. Ubao ulipakwa koti jeupe la chini, na koti likiwa na kiu hunywa mafuta ya rangi iliyo juu yake. Unga mweusi unabaki uso wazi, hauna mafuta ya kutosha kuufunika. Rangi nyeusi na za udongo ndizo zinazopata sana tatizo hili. Weusi bado upo wote, na vanishi sahihi kwa wakati sahihi itaurudisha mbele ya macho yako.

Ukitaka kuhakikisha, zima taa za chumba usiku, washa tochi ya simu na uilaze pembeni ya picha, mwanga upite juu juu. Utaona matuta ya brashi. Kama kwenye kivuli matuta yapo, hakuna ufa na hakuna gamba lililoinuka, ni kupauka tu. Na kwa mwanga huo huo mwite shemeji, yaani mumeo anayesema kaka kapigwa, aone kwamba walau hizi si za kuchapwa: picha iliyochapwa kwa mashine haina matuta ya namna hiyo yanayofuata umbo la kila kitu, na ukiikuza kwa kamera ya simu kwa kawaida utaona vidoti vidoti vya wino. Hizi zako, kwa jinsi taa zinavyonata, zimetoka mkononi mwa mtu.

Umanjano wa kikombe ni giza la kabati. Mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka manjano, yakirudi kwenye mwanga sehemu kubwa ya umanjano huo huondoka. Wachoraji wanalijua hili siku nyingi: Rubens wa Antwerp, huko Ulaya, karne ya 17, aliandika kuhusu picha yake iliyofungiwa sandukuni safarini, akashauri iwekwe juani mara kwa mara ili weupe urudi. Lakini jua la Antwerp si jua la Tanga. Wewe usizianike. Joto la juani kwetu linaweza kulainisha rangi changa na kupinda ubao. Ziegemeze ukutani kwenye chumba chenye mwanga mwingi wa mchana, jua lisizipige, uso ukiwa wazi, mahali ambapo watoto hawafiki. Wiki chache zitatosha kuona tofauti kwenye kikombe, na hewa hiyo hiyo itakuwa inakausha taa.

Haya, vidoa vyeupe. Karibu nina hakika ni kuvu, kwa sababu ya kabati, kwa sababu ya pwani, na kwa sababu umesema vinafanana na unga na viko pembeni, kule ubao unakofyonza unyevu. Kuvu hustawi hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hadi 70, na Tanga inafika hapo bila taabu. Vaa barakoa, toka nje kivulini, tafuta brashi mpya laini kabisa ya vipodozi. Laza picha mkononi, kisha pangusa vidoa kuelekea nje ya picha, kwa wepesi kama unavyotoa vumbi kwenye bawa la kipepeo, bila kugusa sehemu zinazonata. Fanya nyuma ya ubao vile vile. Usitumie maji, siki wala dawa ya madoa. Ukimaliza osha brashi kwa sabuni na usiitumie usoni tena. Kabati nalo lifute na uliache wazi siku mbili tatu, maana mbegu za kuvu bado zimo.

Halafu swali la wapi pa kuzitundika, na hapa picha yako ya pili inakujibu yenyewe. Ule ukuta wa waridi umebanduka kwa nini? Havana imekaa mdomoni mwa bahari. Ukuta wake wa pwani, Malecón, una urefu wa kilomita kama nane, na upepo ukivuma mawimbi yanaruka juu yake mpaka barabarani. Chumvi inaingia kwenye vitundu vya plasta pamoja na unyevu. Unyevu ukikauka, chumvi inageuka fuwele, fuwele zinakua, zinasukuma rangi kutoka ndani mpaka inaachia. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zinateswa na chumvi hiyo hiyo. Kwa hiyo nenda ukaguse kuta za nyumba yako kwa kiganja asubuhi. Ukuta wa nje wenye ubaridi au unga unga wa chumvi, usitundike kitu. Chagua ukuta wa ndani, mbali na jiko, na ubandike vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite katikati.

Fundi fremu ana nia njema, na kazi ya fremu anaijua. Ila mambo mawili umkatalie. Vanishi ya milango huwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda, na imetengenezwa isitoke. Vanishi ya picha ni kinyume chake: inatakiwa ibaki angavu, na siku ikichafuka mtaalamu aitoe bila kudhuru rangi, apake nyingine. Hiyo nayo kwa kawaida tunaisubiri miezi sita hadi kumi na miwili tangu picha ilipokamilika, na pale penye matonge mazito bora ule mwaka mzima. Ukifunika rangi ambayo bado inajikaza chini, vanishi inaweza kupasuka au kuzama ndani yake. La pili ni kioo. Picha ya mafuta haihitaji kioo, na kikigusana na taa zile kitashikana nazo. Siku ya kukitoa kitaondoka na wekundu wote. Mwambie akutengenezee fremu yenye kina, ubao ukae ndani bila kitu kugusa uso wake. Kama vumbi la mtaani kwenu ni la kutisha na kioo unakitaka, basi baadaye, na aweke vijiti vya pembeni vya kukiinua milimita kadhaa kutoka kwenye rangi.

Sasa shemeji. Mwambie nusu ya alichosema ina ukweli. Mfaransa Seurat alichora vibao vingi vidogo, takriban sentimita 16 kwa 25, na vingi vilikuwa maandalizi ya picha zake kubwa. Lakini Agosti 1889, huko Melbourne, Australia, Tom Roberts, Arthur Streeton, Charles Conder na wenzao walifanya maonyesho ya picha zilizochorwa nyingi juu ya vifuniko vya masanduku ya sigara nene, inchi 9 kwa 5, yaani sentimita 23 kwa 13. Wakosoaji walisema maneno kama ya shemeji, kwamba hizi ni kazi ambazo hazijaisha. Leo vibao hivyo vinatunzwa katika makumbusho makubwa ya nchi ile.

Na kikombe? Amelia Peláez, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Kuba, alizaliwa 1896 na kufariki 1968, na sehemu kubwa ya maisha yake alichora vitu vya nyumbani kwake Havana: matunda, samaki mezani, nondo za madirisha, vioo vya rangi juu ya milango. "Gitana tropical" ya Víctor Manuel, ya mwaka 1929, ambayo Wakuba wengi wanaijua kwa sura, imechorwa kwa mafuta juu ya ubao na haifiki nusu mita kwenda juu. Lile gari nalo lina habari yake. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani, magari mapya ya Kimarekani yaliacha kuingia kisiwani, na mafundi wakayaweka hai yale ya miaka ya 1940 na 1950 kwa vipuri vya kuunga. Wenyewe huyaita *almendrones*, malozi makubwa, kwa ajili ya umbo lake. Kama kaka yako alipigwa bei siwezi kusema, sijui alitoa kiasi gani. Ila udogo wa picha na unyonge wa kikombe si ushahidi.

Kuna hali ambazo maelezo yangu hayatoshi na lazima mtu mwenye uzoefu azishike mkononi. Tochi ikionyesha gamba lililoinuka au nyufa, laza picha chali, usiipanguse tena. Vidoa vikirudi ndani ya mwezi, au vikiwa ndani ya rangi na si juu yake, vivyo hivyo. Ubao ukipinda usiukandamize. Na kama fundi alishaweka kioo na kimeshika, usikivute. Kwa hayo, uliza kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakuelekeze kwa mhifadhi. Wachoraji wa Nafasi Art Space, kituo cha sanaa cha huko huko Dar es Salaam, nao wanaweza kukutajia mtu anayefanya kazi ya rangi za tyubu. Mtu akikuahidi kuisafisha papo hapo kabla hajakuuliza ilichorwa lini, ondoka na picha yako.

Kaka yako ampigie mchoraji amuulize mambo manne: alimaliza tarehe ngapi, ubao ni wa aina gani na ulipakwa nini chini, aliongeza mafuta mengine kwenye rangi, na je, alishapaka vanishi yoyote? Majibu yaandike kwenye karatasi, uibandike nyuma ya fremu, usiandike kwa kalamu juu ya ubao wenyewe. Mwezi wa kumi na moja gusa taa moja kwa mgongo wa ukucha, kwa wepesi. Isiponata, mwite fundi fremu. Vanishi ni mpaka mwakani, mwezi wa tatu.